Bangili ya Mama Ilivyoniwasha

Mdogo wangu Neema,

Baridi ya Njombe haijakugandisha? Mimi nipo Butiama kwa mama mdogo. Juzi nilitokwa na vipele vya kuwasha mkononi, nikalaumu dagaa wa Musoma. Mama mdogo akacheka: “Dagaa hawachoragi duara! Vua hiyo bangili ya marehemu mama yako. Hata yeye ilikuwaga inamwasha. Akitoka kanisani anaivua haraka, ananawa, anapaka mafuta ya mgando.”

Kumbe! Na sisi tulidhani anaitunzia Jumapili.

Nimeivua, nimenawa, muwasho unatulia. Ile alama ya duara bado ipo, naipapasa kila mara. Pacha wa bangili hii unayo wewe. Ikikuwasha, ivue, ila usiikasirikie: tumerithi na ngozi yake.

Nakukumbatia,
Dada Wakuru