Chupa Niliyoificha Mfukoni

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, mimi niliyezoea kusimama mbele ya darasa nikasikilizwa, maana hofu imenikaba kiasi kwamba nikisikia mtoto akilia njiani, nasimama nimsikilize kama anapumua sawasawa.

Mimi ni mfamasia kwa taaluma na mwalimu kwa kukosa pa kwenda. Nilipoanza masomo, vyuo vya famasia vilihesabika kwa vidole na hospitali zilikuwa zikiwafuata wahitimu hadi bwenini; nilipomaliza, kila jengo lililokosa mpangaji lilikuwa limegeuka chuo, wahitimu wanamwagika kwa mamia na kaunta ni zile zile, nikazunguka miaka miwili na cheti changu ndani ya bahasha, hatimaye nikashukuru kuajiriwa na kimojawapo cha vyuo hivyo hivyo vilivyonizibia njia.

Chuo chetu kiko juu ya duka la magodoro. Mizani tunayo moja, imefungiwa kabatini, na ufunguo anao mkuu wa chuo, ambaye huutoa siku ya wakaguzi tu. Kila mwanafunzi ana daftari la mazoezi, na utaratibu unanitaka nishuhudie kila dawa anayoichanganya kwa mkono wake ndipo nitie sahihi. Lakini wanafunzi ni wengi na dawa za kufundishia hakuna, basi mwisho wa muhula madaftari huletwa yamefungwa kwa kamba, nami hutia sahihi hadi vidole vinakufa ganzi. Walimu wote tunakuita huko, kwa utani, kuchanja ng'ombe.

Wiki iliyopita nilikwenda kumjulia hali mpwa wangu aliyekuwa na kikohozi. Nikamkuta dada yangu anamlambisha mtoto unga mkavu, nusu kijiko, kutoka kwenye chupa ya dawa ambayo hujazwa maji hadi kwenye mstari na kutikiswa kabla haijafika kinywani. Kwa kijiko kile, mtoto alikuwa anameza dozi kadhaa kwa mkupuo.

"Dada, nani kakwambia ufanye hivi?"

"Si yule binti wa dukani! Kanieleza taratibu, tena kwa heshima. Niliona kavu mno, nikasema labda ndiyo mambo ya kisasa, kaka."

Mtoto alitapika, tukamkimbiza zahanati, akapona. Nami nikaichukua chupa na kwenda dukani, kwa kuwa mwandiko wa kwenye lebo niliufahamu.

"Mwalimu! Shikamoo!" Binti alitoka mbio nyuma ya kaunta. "Umekuja kunikagua? Darasa letu lote tulikuwa arobaini na wawili, na mpaka leo aliyepata kazi ni mimi peke yangu. Mama kila siku anakuombea dua."

Mshauri, chupa ilikuwa mfukoni mwangu. Nilisema, "Marahaba, mwanangu," nikanunua plasta nisiyoihitaji, nikaondoka.

Nilipolifukua daftari lake, nilikuta kwamba chini ya kichwa cha dawa za unga za kuchanganywa na maji, sahihi yangu iko mara thelathini. Hakupata kushika hata chupa moja.

Sasa madaftari ya mwaka huu yako mezani pangu, sitini na manane. Nilipomwambia mkuu kwamba nasita, alinyoosha kidevu kuelekea faili lililovimba juu ya kabati. "Hayo ni maombi ya kazi yako, mwalimu. Wote wafamasia." Nina mke na watoto watatu wanaosoma. Nikikataa, nimekwisha, nikikubali, nitaogopa kila duka la dawa mjini. Nishike lipi?

Mwalimu mwenye hofu

*

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili niliutafuta mstari unaosema kwamba ulirudi dukani. Haumo. Umeniuliza kuhusu kazi yako, mkuu wako na madaftari yako. Hukuniuliza kuhusu mtoto wa mtu mwingine ambaye huenda sasa hivi analambishwa unga, mama yake akidhani ndiyo mambo ya kisasa. Ulinunua plasta!

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wewe umeficha maradhi ya wenzio, na kilio kitaanzia nyumba usiyoijua.

Siidharau hofu yako. Miaka miwili ya kuzunguka na bahasha humfundisha mtu kunyamaza, na mkuu wako analijua hilo. Ndiyo maana faili ameliweka mahali unapoliona. Lakini usijidanganye kwamba kimya chako kinamhurumia binti. Siku mtoto atakapozidiwa, atakayekamatwa ni yeye aliyeko kaunta, na daftari lako ndilo litakaloshuhudia kwamba alifundishwa mara thelathini.

Basi weka gazeti hili chini, uende dukani. Waeleze binti na mwenye duka yaliyompata mpwa wako, muwatafute wote waliouziwa dawa za namna hiyo, nyumba kwa nyumba. Kisha liandikie baraza la wafamasia, ukianza na sahihi zako mwenyewe kabla ya kabati la mkuu. Madaftari yale usiyaguse kwa kalamu mpaka kabati lifunguliwe na kila mwanafunzi achanganye dawa mbele yako. Unaweza kufukuzwa. Sitakuahidi kazi nyingine. Soko umenieleza mwenyewe lilivyo. Jiandae, na mkeo mwambie leo.

Nanyi wazazi mnaouza mashamba ili mtoto asomee famasia, siku ya kumwandikisha ombeni kuiona mizani, na kuuliza ufunguo anao nani.

Chupa iliyo mfukoni mwako ni ushahidi, mwalimu, itunze. Pale dukani chukua nyingine rafuni, umpe binti, ajaze maji hadi kwenye mstari na kutikisa, nawe usimame umtazame. Umekwisha kumtilia sahihi mara thelathini. Sasa mfundishe mara ya kwanza.