Jeli Inayosimama Beni

Jumanne, 2 Juni. Butembo
Maji yaliyolala nje, baridi kabisa. Poda ya polima kidogo kidogo, kukoroga polepole. Ukiharakisha inashika mabonge. Asubuhi imekuwa safi kama kioo. Tatizo ni lile lile: inamiminika kama maji. Nani atanunua jeli ya nywele inayochuruzika hadi shingoni? Nimeongeza poda. Musa, dereva wa mizigo, ameondoka na chupa kadhaa kwenda Beni. Mke wangu Masika ana saluni kule, mtaa wa Beu. Tulikubaliana: wateja wake wakiipokea jeli, ninafunga kazi hapa na kuhamia kwake. Kitanda hiki ni kipana mno.

Ijumaa, 5 Juni
Masika amepiga simu. Jeli haitoki kwenye chupa, ngumu kama jiwe. Wateja wamecheka.
"Ile ni libwe, papa. Punguza poda."
Nikainamisha chupa niliyobakiza. Ikamwagika mezani. Nikamwambia. Akauliza:
"Donc miye niko nadanganya?"
Hasira siku nzima.

Jumapili, 7 Juni
Misa. Kisha mvua. Wazo baya: hataki niende. Labda amezoea kuishi peke yake. Labda kuna mtu. Nimeliandika ili litoke kichwani. Halikutoka.
Nakumbuka miguu yake ya baridi, alivyoikandamiza kwenye yangu kila alipolala. Nilikuwa nalalamika. Mjinga.
Nimetengeneza nyingine. Bado nyepesi. Nimeongeza poda tena, kwa ukaidi.

Jumatano, 10 Juni
Musa amezirudisha chupa zote. Ameshuka akicheka.
"Madame anasema hii ukule na bugali!"
Moja ilisafiri ndani ya kabini, karibu na injini. Nimeifungua na kuipindua. Halikuanguka hata tone. Ngumu kweli. Masika hakudanganya. Aibu ilinishika mpaka masikioni.
Nikaiacha imelala mezani bila kifuniko, nikaenda kuchota maji. Kurudi: jeli yote iko sakafuni, inatiririka kuelekea mlangoni.
Nimesimama na ndoo mkononi, sielewi.

Alhamisi, 11 Juni
Chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto kiasi: inasimama. Ndani ya beseni la maji baridi: inamiminika. Nimerudia mpaka nikaamini.
Muuzaji wa poda kule Kasindi aliniambia tu nikoroge kwa maji baridi. Kuhusu joto, kimya. Nimekumbuka masomo ya kemia. Chembe za polima hii ni ndefu. Ncha zake mbili zinapenda maji, kipande cha katikati kinayakimbia. Joto likiongezeka, chembe zinakusanyika kuwa vidonge vidogo, vipande vya katikati vimejificha ndani. Vidonge vikiwa vingi vinabanana kama watu sokoni, hakuna wa kupita. Jeli inasimama. Poda ikizidi, vinabanana mapema zaidi, joto likiwa bado dogo.
Hapa Butembo ni baridi, tunavaa triko hata mchana. Beni ni joto. Kila mmoja alisema alichokiona.
Nimempigia Masika simu kuomba msamaha. Sikumtajia mawazo ya Jumapili.

Jumamosi, 13 Juni
Nimejaribu kutafuta kipimo cha poda kinachofaa Beni kwa maji ya moto. Yanapoa kabla sijamaliza. Halafu saluni ya Masika ina bati tupu bila dari, na mashine ya kukaushia nywele. Nimemuuliza joto la mchana mule ndani.
"Joto ni joto, papa. Kuya huku ulisikie we mwenyewe."
Nilikuwa nangoja jeli iwe tayari ndipo niende. Haitakuwa tayari nikiwa hapa.
Ninaogopa. Wateja wakikataa, nimefunga kazi bure. Lakini nimefungasha ndoo, mizani na gunia la poda. Musa amenipa nafasi kabini.

Jumatatu, 22 Juni. Beni
Poda pungufu kuliko majaribio yote. Asubuhi ilimiminika. Mchana, chini ya bati, ilisimama, lakini kidole kiliichota bila shida. Masika akampaka mteja kwenye ukingo wa nywele. Mama yule alijitazama kwenye kioo, upande huu, upande ule. Akaomba chupa ya kwenda nayo nyumbani.
Jioni tumefunga mlango, tumekaa kwenye benchi. Huku miguu ya Masika haishiki baridi. Ameiweka juu ya yangu hata hivyo.