Kipande Chako cha Keki, Mama

Mama yangu,

Nimemaliza, na wewe hupo. Jumamosi walituandalia sherehe Mikocheni, sie tuliokamilisha utafiti wa udaktari wa epidemiolojia, ile kazi uliyokuwa ukiwaambia watu, "Mwanangu anasomea magonjwa yanavyotembea." Wenzangu walikuja na familia zao. Mie nilikuja na mkoba.

Unazijua sherehe zetu. Keki ikikatwa, mshereheshaji anawaita wazazi waje walishwe. Nilikuwa nimemwomba aniruke, akasahau. Akataja jina langu, akasema mama mzazi asogee mbele kwa vigelegele, na ukumbi mzima ukageuka kukutafuta. Nilisimama na kipande kwenye kijiti mpaka msimamizi wangu wa utafiti akaja kunisitiri, akafungua mdomo. Nikamlisha cha kwake. Chako nilikifunga kwenye tishu.

Unakumbuka nilipoanza kupita nyumba kwa nyumba hapa Chang'ombe, nawatoboa watu vidole kutafuta malaria? Mtaa ukavumisha kwamba naenda kuiuza damu. Milango ikafungwa, na barua ya ruhusa ya serikali ya mtaa ninayo mkononi. Nikarudi nyumbani nalia. Wala hukunibembeleza. Ulijifunga kanga, ukanishika mkono mpaka uani kwa Mama Rehema, jirani aliyekuwa na mdomo kuliko wote, ukanyoosha kidole mbele za watu.

"Nitoboe. Kama inauzwa, tutagawana."

Wakacheka, kisha mmoja mmoja wakaanza kutoa vidole, Mama Rehema akiwa wa kwanza. Utafiti wangu ulianzia pale, japo kwenye tasnifu nimeandika maneno mengine. Tangu siku ile, nikirudi jioni na kubisha hodi, hukuniitikia kama watu wanavyoitikiana. Ulikuwa unafoka ukali wa uongo kutoka jikoni, "Kama ni wa damu, nimeshatoa!"

Ukafariki nikiwa bado naandika. Sasa wananiita dokta, nami naitika, ila nina upweke, mama, sikufichi. Furaha yenyewe sina wa kumpelekea.

Basi Jumamosi nikarudi na keki yako. Funguo ninazo mie, na ndani najua hamna mtu. Nikabisha hodi hivyohivyo. Nikasimama mlangoni na tishu mkononi, nasubiri unifukuze.

Lala salama, mama.

Mie, binti yako