Sahihi Yangu kwenye Upekuzi Nisiouona

Kagarama, Kigali

Mdogo wangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima wa mwili. Ya roho utayasoma humu. Mama anaendeleaje na goti lake? Usinijibu "hajambo" ukaishia hapo. Niambie kama anaswali amesimama au bado anatumia kile kiti cha plastiki. Na wewe kifua kimepona, au bado huko chuoni wanawakimbiza alfajiri kwenye ukungu?

Barua hii naielekeza nyumbani Tabora uikute ukifika likizo, maana ya kupitia chuoni siiamini. Anakuja nayo Mama Zuwena, Mtanzania mwenzetu anayeuza vitenge hapa. Ni mtu mwema, ila anapenda sana habari za watu. Kwa hiyo nimeifunga kwa gundi na kupiga mistari ya wino juu ya kifuniko cha bahasha. Ukikuta mistari haikutani, imefunguliwa. Muulize yeye kwanza.

Tuanze na ugomvi wetu. Uliponiambia umechaguliwa kwenda upolisi nilisema maneno ambayo mama hajanisamehe mpaka leo. Nilisema sare humvaa mtu mwili kwanza, halafu akili. Sijayafuta. Nimesoma vya kutosha, na nimesimamishwa barabarani mara za kutosha, kujua kwamba mtu mwenye mamlaka, karatasi na haraka ni wa kutazamwa mikono. Lakini uliponiletea maswali yako ya mtihani na kuandika, "Kaka, wewe una kichwa cha vitabu, nisahihishie," nilifurahi kuliko nilivyotaka kufurahi.

Nimeyasoma yote. Kuhusu kukamata umejibu vizuri: mtu aambiwe kosa analoshukiwa, kwa lugha anayoielewa, na kunyamaza kwake kusihesabiwe kuwa kukiri. Hapo nimekuwekea vema kubwa. Kuhusu kuandika maelezo umesahau jambo moja: mtu asomewe alichosema kabla hajatia sahihi, na aruhusiwe kurekebisha. Liongeze. Lakini kwenye upekuzi umeandika hivi: "Shahidi huru ni mtu yeyote anayeheshimika katika eneo husika." Nilikaa na sentensi hiyo mpaka chai ikapoa. Wiki moja kabla ya hapo, Mwanaidi, mtu huyo anayeheshimika nilikuwa mimi.

Ninakaa kwenye ua wa nyumba ya mama mmoja anayeitwa Mama Solange. Wapangaji wanne, geti moja. Getini alikuwapo mlinzi wa mchana, Vedaste, mtu wa miaka arobaini hivi, mkimya. Nilimshuku tangu nilipohamia. Alikuwa na daftari dogo, na kila nilipotoka au kuingia alilifungua akaandika. Mimi, ninayeandika makala zinazoudhi watu, naandikwa saa zangu! Nikawa napita getini na gazeti nimelificha ndani ya koti. Siku moja nikamkabili.

"Unaandika nini kuhusu mimi?"

"Saa, Mwalimu." Hapa wote huniita Mwalimu kwa sababu nafundisha Kiswahili maofisini.

"Saa za nini? Nani amekutuma?"

"Mama Solange. Anataka kujua nani iko ndani, nani iko inje. Hata yeye mwenyewe naandika."

Akanionyesha. Kweli, mama mwenye nyumba alikuwa ameandikwa kuliko sisi sote, kila safari ya sokoni. Mtu mwingine angecheka yakaisha. Mimi nilimwona amejiandaa vizuri mno.

Sasa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapa ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na kila nyumba hutoa watu. Tulikwenda kuzibua mtaro chini ya barabara, Vedaste naye alikuwepo na sululu lake. Geti lilifungwa, na funguo za akiba za vyumba vyote zikabaki zinapobaki siku zote, kwenye misumari jikoni kwa Mama Solange. Kazi ilipoisha kukawa na kikao cha wakazi. Wengine walikaa mpaka mwisho, wengine walichomoka mapema. Nani na nani, siwezi kukuambia. Tuliporudi, jirani yangu Mutua, mhasibu Mkenya, akatoka chumbani kwake anapiga kelele kwamba kompyuta yake haipo.

Wakati huo nilikuwa bombani nyuma ya nyumba, naosha tope miguuni. Nilisikia mlango ukifunguliwa, nikasikia vurugu. Nilipofika mbele, Mama Solange na mpwa wake Fiston walikuwa wanatoka kwenye chumba cha mlinzi kando ya geti, kompyuta iko mikononi mwa Fiston. "Chini ya godoro! Chini ya godoro yake!" Mutua akaipokea, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Mimi nikaishika nihakikishe ni yenyewe. Tuliigusa sote isipokuwa Vedaste.

Akaja askari, kijana mpole, mwenye mwandiko mzuri. Akauliza nani alikuwapo kompyuta ilipopatikana.

"Huyu Mwalimu," akasema Mama Solange. "Mwalimu ni mtu ya dini, anasoma vitabu, hawezi kudanganya."

Vedaste alikuwa amekalishwa chini karibu na geti. Akaninyooshea kidole. "Mwalimu, wewe ulikuwa kwa bomba. Uliona nini?"

Nikamjibu mbele ya watu: "Nimeona ya kutosha."

Nikatia sahihi. Karatasi ilisema nilishuhudia kompyuta ikitolewa chini ya godoro la mtuhumiwa. Vedaste akachukuliwa, na mimi nikaenda kuoga.

Maisha yangu yote nimejiandaa kwa ajili ya askari atakayenilazimisha kutia sahihi uongo. Nimeandika makala juu yake, nimegombana na marafiki juu yake. Huyu hakunilazimisha. Aliuliza, akaandika nilichosema. Uongo niliuleta mwenyewe kutoka nyumbani, kwa sababu mtu yule nilikuwa nimeshamhukumu siku nyingi, na kwa sababu nilipenda kusikia kwamba siwezi kudanganya.

Kwa hiyo futa sentensi yako uandike hivi. Shahidi wa upekuzi anakuwapo kabla mlango haujafunguliwa. Anawaona wanaopekua wakikaguliwa mifuko na mikono kabla hawajaingia, askari na wengine wote. Anaona kitu kinatoka wapi na kinatolewa na nani. Orodha inaandikwa palepale, kitu kimoja kimoja, na mwenye chumba anasomewa na kupewa nakala. Kikishapatikana hakipitishwi mkono kwa mkono kama mtoto mchanga kwenye sherehe. Na ukiwakuta raia wamekwisha kupekua wenyewe, andika kwamba wamepekua wenyewe, usiwakopeshe upekuzi wako. Kuheshimika hakumo kabisa.

Mtahini atataka maneno ya kitabuni, najua. Mpe ya kitabuni. Haya yaweke wewe.

Nilimwambia Mama Solange kwamba naenda kituoni kurekebisha maelezo yangu. Alikuwa anachambua maharage.

"Unanifanya mimi muongo?"

"Nasema nilipokuwa mimi, basi. Wewe ulipokuwa sijui."

"Fiston ni mtoto yangu."

"Sijamtaja Fiston."

"Unamtaja na macho." Akaendelea na maharage yake. "Mwisho wa mwezi utafute nyumba ingine, Mwalimu."

Fiston namshuku, sikufichi. Mutua naye namshuku, maana hajasema lolote tangu siku ile. Lakini nimeshaona shaka zangu zinafanya kazi gani zikipewa kalamu, kwa hiyo kituoni sikuzibeba. Nilibeba moja tu: kwamba wangenifunga mimi. Mgeni, kibali cha kukaa kinakaribia kwisha, na anakuja kusema alidanganya. Nilivaa soksi mbili, kwa ajili ya baridi ya sakafu ya mahabusu.

Nilimkuta kijana yuleyule. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini ulisema uliona?"

"Nilighafilika."

"Ulisahau mahali ulikuwa?"

"Hapana. Nilijua."

"Basi nisiandike ulisahau."

Tukabishana, unanijua. Nikamletea "nilikosea", nikamletea "nilikuwa na haraka". Akaweka kalamu mezani. "Mzee, mimi naandika ile umeniambia. Niambie." Nikamwambia: nilisema niliona nisichokiona. Akaandika, akanisomea kwa sauti, akaniuliza kama kuna cha kubadilisha. Niliisoma karatasi ile mara tatu nikitafuta mtego. Hakukuwa na mtego. Kilichokuwamo ni mimi. Nikatia sahihi.

Akasema maelezo yangu yote mawili yataingia kwenye jalada na kwenda kwa mwendesha mashtaka, na nikiitwa nifike. Nilimuuliza kama Vedaste atatoka. Akajibu kwamba hilo si la kwake kuniahidi. Nilipotoka nje nikamkuta mke wa Vedaste amekuja na chakula, sufuria imefungwa kwenye kitambaa. Nilimwambia mimi ni nani na nimefanya nini, mara ya kwanza na leo. Alisogea kwenye benchi nikapata nafasi, tukangoja pamoja mpaka alipoitwa.

Ninapoandika haya Vedaste bado yuko ndani. Usinisifu. Sahihi ya pili haijamrudishia chochote. Imeondoa tu uongo wangu shingoni mwake, na yaliyobaki sijui kama ni kweli au si kweli.

Mwanaidi, bado sijakubaliana na ile sare. Lakini kama utaivaa, na najua utaivaa, siku moja mbele yako atasimama mzee mwenye koti safi na Kiswahili kizuri, watu wote watamwita Mwalimu, naye atasema ameona. Usimpe kalamu. Muulize alikuwa amesimama wapi.

Nisalimie mama, na umweleze habari hii wewe kwa mdomo wako, polepole, kabla Mama Zuwena hajamweleza. Nisalimie shangazi Tatu aliyetulea, na shemeji fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea ndiyo niliyovaa kituoni. Binamu yetu anayefundisha madrasa mwambie aniombee dua, asinitungie hotuba.

Ni mimi kaka yako, anayehama mwisho wa mwezi,

Bashiru