Sikumsubiri Daktari Amalize

Mungaa, Ikungi
Mwezi wa Julai

Mpendwa rafiki yangu Joyce,

Nakusalimu kwa upendo uleule, ingawa najua siku hizi salamu zangu unazipokea shingo upande. Habari za Kiomboi? Mama anaendeleaje na mguu wake? Mfikishie shikamoo yangu, hata kama hatapenda kuipokea. Sisi huku tunashukuru. Alizeti tumeshapiga, mtama si haba, na baba siku hizi anaamka mwenyewe kuwafungulia mbuzi.

Nimekupigia simu mara nyingi hukupokea, nami sikulaumu. Mtu aliyemkataa kaka yako mbele ya washenga, posa ikiwa imeshapokelewa, hana haki ya kulalamika. Ndiyo maana nimeandika barua hii, nampa dereva wa basi akuletee. Nakuomba usiichane kabla hujaisoma yote.

Mwaka jana baba alivimba miguu, akilala anakosa pumzi. Kituo chetu cha afya kilikuwa kimeanza kliniki ya moyo kwa kishikwambi. Muuguzi, Sista Yustina, anamwekea mgonjwa vipimo kifuani, na daktari bingwa aliyeko Dar es Salaam anasikiliza na kutazama palepale. Zamani mgonjwa wa moyo wa huku aliambiwa tu aende Dar, na wengi walirudi nyumbani kusubiri siku yao. Lakini baba alipoambiwa avue shati, aligoma. Alisema kwa Kinyaturu, nami nikatafsiri, kwamba hamvulii shati mtu ambaye hata hajui kwao ni wapi. Daktari huyo, Calist, akacheka, akampa shikamoo, akaeleza kwao na ukoo wake. Baba akalegea kidogo, ila mkono bado ulikuwa kwenye vifungo. Nikasema basi nianze mimi, aone kwamba hakuna kinachouma.

Nilikuwa natabasamu ili baba anione. Daktari alisikiliza, akamwambia Sista asogeze kipimo, kisha akaomba nilalie ubavu wa kushoto. Nilidhani anamwonyesha baba tu. Baadaye akampima baba mwenyewe, akasema ni presha iliyouchosha moyo, na dawa zitamsaidia. Halafu akaomba baba akapumzike nje, mimi nibaki.

Unakumbuka tulipokuwa sekondari, nilivyokuwa nasimama njiani na ndoo, najifanya naangalia mawe? Wenzetu waliniita mvivu, wewe ukanibebea. Daktari aliniuliza kama utotoni niliwahi kuugua koo na homa, viungo vikavimba. Niliwahi. Bibi alinikanda kwa majani, tukaona yamekwisha. Sista akanipiga picha za moyo, daktari akizitazama kule kwake. Akasema mlango mmoja wa moyo wangu umekakamaa tangu ugonjwa ule, haufunguki sawasawa. Akauliza kama nimeolewa. Nikamjibu bado, naolewa baada ya mavuno. Hapo akasema:

"Dada yangu, usishike mimba."

Alikuwa bado anaongea. Midomo yake naiona mpaka leo, ila masikio yangu yaliishia pale. Niliinuka, nikafunga vifungo vya gauni ovyo ovyo, nikatoka. Sista aliniita, sikugeuka. Alipopiga simu nilizima, na alipokuja nyumbani nilipitia nyuma nikaenda shambani. Baba nilimdanganya kwamba daktari alitaka kunielekeza dawa zake.

Joyce, Deo ni mtoto wa kiume pekee kwa mama yenu. Kwenye simu alikuwa ananitajia majina ya watoto, anabadilisha, anacheka mwenyewe. Niliwaza kwamba nikimwambia ukweli atasema haidhuru na atanioa, kisha mama yenu atakaa miaka akilitazama tumbo langu. Nikaona bora anichukie. Washenga walipokuja kupanga siku, nikasema mbele yao kwamba simpendi. Hilo ndilo neno lililowafikia, na halikuwa la kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Baba aliendelea na kliniki, nami nikawa namsindikiza mpaka mlangoni tu. Siku moja wakati wa masika Sista Yustina alinishika mkono, akaniingiza. Nilijua nitagombezwa. Daktari alinitazama kwenye kishikwambi, akasema kwa upole:

"Siku ile hukunisubiri nimalize. Nilisema usishike mimba mpaka tuufungue huo mlango. Ukishafunguka vizuri unaweza kuolewa, na habari ya mtoto tutaipanga pamoja."

Niliketi kwenye benchi la nje mpaka baba akaniuliza kama nimefiwa. Ndipo nikamweleza yote. Jumapili ya wiki ileile nikasikia kwamba tangazo la ndoa ya Deo na Rahabu wa Mandewa limeshasomwa kanisani.

Tulikwenda Dar, mimi na baba. Hawakunipasua kifua. Walipitisha puto dogo kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakaufungua ule mlango. Sasa nachomwa sindano kila mwezi ili ugonjwa ule wa koo usirudi, na napanda kilima cha nyuma ya kwetu bila kusimama. Kila mtu hapa nyumbani anafurahi, na mimi ninafurahi pia. Ila nikifika juu, pumzi zikiwa bado zipo tele, najiuliza nimezipata kwa ajili ya nyumba gani.

Sijaandika ili nimvurugie Rahabu. Nasikia ni mtu mwema, na hana alichonikosea. Nimeandika kwa sababu juzi baba aliniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Baada ya washenga kurudi, Deo alikuja peke yake na pikipiki, mimi nikiwa shambani. Alikataa kuketi. Alimuuliza baba kosa lake ni lipi. Baba akamwambia, "Mwanangu, sijui."

Joyce, Deo hakuwa na kosa lolote. Ukiona inafaa, mwambie hilo tu, na haya mengine yabaki kwako.

Baba anakusalimu sana. Wasalimie wote hapo nyumbani, Rahabu akiwemo. Mungu awatunze.

Ni mimi rafiki yako,
Luciana Gaspari