Usiku Ambao Mashine Haikumwona Tima

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla Mwajuma hajamaliza kukusomea. Mwambie huyo mdogo wangu asiruke neno. Mguu unaendeleaje? Unapanda bajaji, au umerudia ubishi wako wa kutembea? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio sina.

Unamkumbuka Tima wa Ubena, ninayekaa naye chumba kimoja hapa Maskati? Anafagia hospitali zamu ya usiku, kwa kampuni ile ile iliyoniajiri kuandika programu. Programu yangu inahesabu siku za kazi zinazofuatana. Tarehe ikifuata ya jana, hesabu inaendelea. Ikirukwa hata moja, inaanza upya. Kila mwaka, mfanyakazi mmoja asiyekatikiwa miezi mitatu hupewa tiketi ya nyumbani. Tima aliitaka tiketi hiyo kwa kufa na kupona, maana mama yake alikuwa hoi kitandani.

Ramadhani ikaingia kumi la mwisho, wanawake wakawa wanachelewa msikitini. Usiku mmoja Tima akaweka kidole kwenye mashine ya mlangoni kazini saa sita imeshapita. Kwake yeye ni usiku ule ule na zamu ile ile. Kwa mashine tarehe imeshageuka, ile ya nyuma ikabaki tupu, hesabu ikakatika. Lahaula! Mimi niliyelelewa Bagamoyo, ninayejua watu wanavyokesha kumi lile, sikuliwaza hilo!

"Zuhura," akaniambia, "si wewe uliyeifunza kuhesabu? Iambie basi kwamba nilikuwepo."

Nikairekebisha, zamu ihesabiwe kwa siku iliyopangwa. Nikampelekea bosi. "Ahsante, itawafaa wa mwakani," akasema. Tiketi ya mwaka huu keshapewa mwingine. Mama, nilitamani kumtupia kompyuta.

Jana ikaja simu kutoka Ubena. Mama yake Tima amefariki, wamemzika alasiri.

Nakuomba basi, panda gari mpaka Msata, ukamate la Chalinze, ufike Ubena kabla ya hitima. Kaa na wafiwa. Wakikuuliza umetoka wapi, sema umetumwa na Tima. Usinitaje mimi, naona haya.

Nisalimie baba mdogo, shangazi muuza vitumbua, na wifi aliyejifungua, mtoto unibusie.

Naishia hapa, maana Tima anavaa sare ya kazi. Nimemwambia, "Dada, una msiba, pumzika japo leo." Hata hakunitazama.

"Nikipumzika," akasema, "itaanza upya."

Mwanao anayezihitaji dua zako,
Zuhura