Aliyoambiwa Ng'ombe

Mpendwa Baba Mkwe,

Kwa heshima na taadhima, ninakusemesha kwa mara ya kwanza bila ukuta katikati yetu. Mila yetu ya Kinyakyusa ilinikataza kukutazama usoni wala kuzungumza nawe. Nikisikia kikohozi chako njiani, nilijibanza migombani hadi upite. Kifo chako kimeiondoa marufuku hiyo, nami siombi kibali cha mtu.

Unazikumbuka mbegu za klova tamu, ulizopewa na bwana mifugo kwa ajili ya malisho? Uliziacha kizingitini, ukaenda zako. Nilizimwaga ardhini kama ulezi. Wiki tatu zikapita, halikuota hata jani. Ndipo uliposimama bandani ukamkaripia ng'ombe, kwa sauti ya kunifikia jikoni:

"Sikia, wewe ng'ombe! Mbegu hii ina ganda gumu. Isuguliwe kwa mchanga hadi ikwaruzike. Asiyeisugua hajapanda, amezika!"

Nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga. Nikasugua. Nikatia na majivu, maana ng'ombe aliambiwa pia kwamba udongo wetu ni mchachu. Klova ikaota. Mwaka wa pili, ilipochanua, ulimwambia tena ng'ombe: "Shamba hili ni la huyo aliyelihangaikia. Asiondolewe."

Jumamosi iliyopita, katika kikao cha ukoo, mwanao mdogo alilidai shamba hilo, kwa kuwa kaka yake, mume wangu, naye ni marehemu. Anataka kung'oa klova apande viazi. Siku hizi za soko huria malori ya wanunuzi yanafika hadi huku kwetu Bulyaga.

"Shemeji, mzee alikupa lini? Hamkuwahi kupeana hata salamu!"

"Alimwambia ng'ombe."

"Basi mlete atoe ushahidi!"

Wakacheka. Mimi nikasimama.

"Mama zenu nao waliambiwa na wakwe zao vivyo hivyo, kupitia kuku na mbwa. Ikiwa maneno hayo ni batili, ninyi mnalima mashamba ya nani?"

Kisha mkeo, Mama Mkwe, akasema taratibu: "Hata migomba yangu mimi, aliyeambiwa ni mbwa."

Hata hivyo shemeji ameapa kuja Jumatatu na majembe. Na aje. Atanikuta nimeketi katikati ya klova. Nitamwamkia kwa adabu zote, kisha nitaendelea kuketi.

Pumzika, Baba. Mimi bado sijachoka.

Ni mimi, mkazamwana wako,
mjane wa mwanao wa kwanza.